Kazi ya Nyumbani

Mwalimu amegawa vitenzi, kila mtoto na chake.
Krasen kapata kulima. Mapacha wa mwokaji mikate
wamepewa kukanda na kuumuka, darasa zima likacheka.
Yoana, miaka kumi, kaangukiwa na kile cha maji kwenda hewani:
maana, asili, mfano mmoja wa sentensi,
mistari sita, kalamu ya wino.

Ni mwisho wa Mei katika bonde la waridi la Bulgaria,
theluji bado imeng'ang'ania visogo vya milima.
Bibi Dafina yuko zamu ya usiku kiwandani.
Kiwanda ni neno kubwa: ni banda,
mitungi minne ya shaba iliyomzidi urefu,
na tanuri linalolala jicho moja wazi.
Mtoto kakaa juu ya magunia matupu,
daftari magotini, anapiga chafya.

"Izparyava se," anasoma. "Bibi, limetoka wapi?"

Dafina analegeza kizibo. "Tazama."
Mvuke unamrukia usoni, miwani inapofuka.
"Huu ndio para. Iz ni nje.
Para itoke nje. Basi, andika."

Lakini mtoto ana kichwa cha kuchokonoa.
"Na pari, pesa? Ni ndugu yake para?"

"Hata kidogo. Mvuke ni wetu, wa Kislavi, wa vyunguni.
Pesa ilikuja na Waturuki,
nao waliitoa kwa Waajemi,
huko ilikuwa kipande tu, kipande cha kitu.
Hawana nasaba hao. Wamekutana mdomoni mwetu
kama wapangaji wawili wenye funguo zinazofanana,
mmoja akilewa hufungua chumba cha mwenzake."

Kisha ananyamaza,
maana Rumen, baba yake Yoana,
alitoka kutafuta pari
kwenye mahema ya plastiki ya Almeria, nyanya na pilipili hoho.
Akapiga simu Jumapili tatu.
Ya nne, simu iliita mpaka ikachoka.
Dukani wakasema kitenzi hikihiki.
Hawakuwa na ubaya. Ndivyo wanavyosema
juu ya mshahara, petroli, soksi ya pili, mtu:
kimetoka nje kama mvuke, usijisumbue.

"Kwenye mfano," anauliza mtoto, "nimwandike nani?"

Nani. Hakusema nini.

"Andika umande," anajibu Dafina, haraka mno.
"Andika: tunachuma kabla ya jua."

Mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili
nina mvuke, na nina vuka.
Sijui kama ni mama mmoja, wajuzi waseme;
masikio yangu yamekwisha kuwaozesha.
Kilichogeuka mvuke kimevuka,
na aliyevuka ana ng'ambo.

Dafina hana neno hilo. Ana bomba.
Linatoka shingoni mwa mtungi, linashuka
ndani ya pipa la maji ya kisima,
linajikunja mara saba kama mtu mwenye tumbo linalouma,
na huku mwishoni
tone.
Halafu kitambo.
Halafu tone.
Magunia kwa magunia ya petali, mikono iliyochanika,
na juu ya maji hayo utando wa manjano
mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Kamusi ya shule iliishia kwenye iz.
Aliyeiandika hakuwahi kukesha na mtambo.

Saa tisa usiku. Yoana amelala na viatu vyake.
Mstari wa sita uko mtupu.
Dafina anachukua kalamu, anaandika polepole:
*Bomba likiwa baridi, hu*

anasita. Mwalimu atautambua mwandiko wa mtu mzima.
Tena hajui kama ni kweli kwa kila kitu.
Anatumbukiza kiganja ndani ya pipa:
vuguvugu.
Anaokota ndoo, anatoka kwenda kisimani.